Kompyuta inapomeza maneno ya redio: historia ya kigugumizi cha sauti

Wasikilizaji wa redio huku Kivu na Ituri wanaijua sauti hiyo. Mtangazaji amewasha tangazo lililorekodiwa. Maneno yanatoka vizuri, kisha neno moja linarudi mara tatu au nne, kama mtu mwenye kigugumizi. Linafuata gwaruzo kidogo, kimya cha nusu sekunde, halafu tangazo linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kambini, watu waliozunguka redio moja wanaulizana: "Amesema wapi?" Na mara nyingi neno lililomezwa ndilo lililokuwa linangojewa: jina la kijiji, saa ya kugawa chakula, jina la mtoto aliyepoteana na wazazi wake njiani.

Kila mtu ana maelezo yake. Mmoja anasema betri za redio zimechoka. Mwingine anasema ni antena. Wa tatu anasema kuna watu wanaozuia mawimbi, na katika masiku ya vita neno hilo peke yake linaweza kufanya familia zianze kufunga mizigo. Ni kweli kwamba mara nyingine kosa liko hewani. Lakini mawimbi mabaya huleta mvumo, kufifia, au redio nyingine kuingia juu ya ile unayosikiliza. Hayarudii neno moja. Kinachorudia neno ni mashine iliyoko studioni, na hasa programu ndogo ndani ya kompyuta ambayo wasikilizaji wengi hawajawahi kusikia jina lake.

Huku Kongo, ambako kompyuta nyingi zinaongea Kifaransa, mafundi wanaiita piloti. Wengine husema kiendeshi. Kazi yake ni kuunganisha mfumo wa kompyuta na kifaa kimoja: piloti ya printa, piloti ya wifi, piloti ya sauti. Bila piloti, kompyuta haijui namna ya kuzungumza na kifaa hicho.

Historia ya piloti ya sauti ina zaidi ya miaka 35, na inafundisha jambo moja. Kigugumizi hakijawahi kuondolewa moja kwa moja. Kila kizazi cha mashine kilimaliza ugomvi mahali pamoja, ukazuka mahali pengine. Fundi anayejua ulipohamia anaupata kwa haraka. Asiyejua anabadilisha nyaya wiki nzima huku matangazo yanaendelea kumezwa.

Tangi, robine na mchukuzi

Ili kuielewa historia hii, lazima kwanza kuelewa namna kompyuta inavyotoa sauti. Ndani ya mashine, sauti ni namba tu. Kwenye sidi ya muziki, ambayo kampuni Philips na Sony ziliiweka sokoni mwaka 1982, kila sekunde moja ya sauti ina namba 44,100 kwa kila sikio. Namba hizo zinatakiwa kutoka moja baada ya nyingine kwa mwendo uleule, bila kuchelewa hata kidogo.

Tatizo ni kwamba kompyuta ina kazi nyingi kwa wakati mmoja. Inaandika kwenye diski, inapokea ujumbe, inasogeza mshale wa ekrani, inatafuta virusi. Kazi hizo zote zinaweza kungoja. Barua ikichelewa kufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, hakuna anayejua. Sauti ikichelewa kiasi hicho, sikio linajua papo hapo.

Ndiyo maana kompyuta haipeleki namba moja moja. Inazikusanya mahali pa akiba. Fikiria tangi dogo la maji lenye robine iliyofunguliwa sikuzote. Chini maji yanatoka kwa mwendo mmoja: hiyo ndiyo sauti inayokwenda kwenye spika. Juu kuna mchukuzi anayeleta maji kwa bidoni na kumimina: hiyo ndiyo kazi ya programu na piloti. Mchukuzi akija kwa wakati, anayekinga maji hajui kwamba juu kuna mtu anayekimbia. Akichelewa njiani, tangi linakauka.

Tofauti iliyopo ni kwamba tangi la sauti halikauki kama la maji. Namba za zamani zinabaki humo mpaka namba mpya ziandikwe juu yake. Kwa hiyo piloti ikichelewa, mashine inaweza kuzunguka na kusoma tena zilezile za zamani. Hapo ndipo kigugumizi kinapotoka. Tangi likiwa refu, silabi nzima inarudi. Likiwa fupi sana, kunasikika mvumo kama wa nyuki. Piloti nyingine hujaza tangi kwa ukimya, na hapo msikilizaji anapata pengo badala ya neno.

Spika iliyojua mlio mmoja

Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya mezani ambayo mashine nyingi za leo ni wajukuu wake. Ndani yake kulikuwa na spika ndogo iliyojua kulia na kunyamaza, basi. Ilipiga mlio wa kuonya fundi kama kuna kosa. Ilikuwa mashine ya ofisi, ya hesabu na barua, na chumba cha sauti hakikupangwa katika nyumba hiyo. Vyote vilivyofuata vilikuwa vyumba vilivyoongezwa kando.

Chumba cha kwanza kilichojulikana sana kilijengwa Québec, katika Kanada ya watu wanaosema Kifaransa. Mwaka 1987 Martin Prevel, aliyekuwa profesa wa muziki kwenye Chuo Kikuu cha Laval, alileta karti ya sauti yenye jina AdLib. Ilitumia chipu ya Yamaha na iliweza kupiga muziki wa vyombo kadhaa kwa pamoja. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kurudisha sauti ya mtu iliyorekodiwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, kampuni Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo na mwenzake mwaka 1981, ilitoa karti Sound Blaster. Hiyo ilipiga muziki na pia ilirudisha sauti ya mtu. Sauti yenyewe ilikuwa hafifu, ya upande mmoja, karibu na ile ya simu. Mwaka 1992 ilifuata Sound Blaster 16, yenye pande mbili na ubora uliokaribia sidi. Mwaka huohuo AdLib ilifilisika.

Kigugumizi kilizaliwa pamoja na karti hizo. Katika Sound Blaster ya kwanza, kila kipande cha sauti kilipokwisha, karti ilisimama, ikaita prosesa, ikangoja amri mpya. Katika kungoja huko sikio lilisikia "tak" ndogo, tena na tena. Sound Blaster 2.0 ya mwaka 1991 ilibadilisha utaratibu. Karti iliendelea kusoma tangi bila kusimama, huku programu inajaza nusu iliyokwisha kusomwa. Wazo hilo la kujaza upande mmoja wakati upande mwingine unasomwa linatumika hadi leo, kwenye kompyuta na kwenye simu.

Kengele moja kwa watu wawili

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuwa wa kengele. Kila kifaa kinapotaka kuhudumiwa, kinapiga kengele kuita prosesa, na kila kengele ina namba yake. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na namba 16 tu, na nyingi zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na klavie, diski na saa ya mashine.

Karti za kwanza za Sound Blaster zilitoka kiwandani zikiwa kwenye namba 7. Mlango wa printa nao ulitumia namba 7. Matokeo yake: mtu anapiga muziki vizuri, anatuma barua kwenye printa, sauti inakwama na kurudia kipande kimoja. Mtu anayelaumu spika au karti hakuona kwamba adui wa sauti yake ni printa. Dawa ilikuwa kufungua kompyuta, kuchomoa kizibo kidogo juu ya karti na kukihamishia namba 5, kisha kuandika namba hizo katika faili la kuwasha mashine. Mafundi wa miaka hiyo walikuwa wanakariri mstari wa "A220 I5 D1" kama namba ya nyumba yao: anwani 220, kengele 5, njia ya data 1.

Zaidi ya hapo, mfumo wa DOS uliotawala wakati huo haukuwa na utaratibu wowote wa sauti. Kila programu ilikuja na piloti zake yenyewe. Programu ikikosa piloti ya karti yako, ulibaki na mlio wa 1981.

Windows 3.1 ya Aprili 1992 ilianza kuweka mambo sawa: karti moja, piloti moja, na programu zote zinapita hapo. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, iliahidi kwamba mtu atachomeka kifaa na mashine itagawa namba za kengele yenyewe. Jina la mpango huo lilikuwa "Plug and Play". Miaka ya mwanzo haikuwa rahisi, na mafundi waliligeuza jina kwa utani, wakasema ni "chomeka uombe Mungu". Lakini kidogo kidogo ugomvi wa kengele ulipungua, na vizibo vikatoweka juu ya karti.

Barabara na chipu

Ugomvi wa pili ulikuwa wa barabara. Karti, diski na vifaa vingine vinapitisha data kwenye njia moja ndani ya mashine. Kifaa kimoja kikishika njia muda mrefu, kingine kinachelewa.

Mwaka 2001 wenye kompyuta zilizokuwa na chipu 686B ya kampuni VIA pamoja na karti Sound Blaster Live! walianza kulalamika. Sauti ilipasuka, na jambo baya zaidi, mafaili makubwa yaliyonakiliwa kutoka diski moja hadi nyingine yaliharibika. Kwa sababu masikio ndiyo yaliyosikia kwanza, wengi walilaumu karti ya sauti. Kiraka kilitoka kwa VIA, yaani kwa upande wa barabara. Hii ilikuwa mara ya pili historia kuonyesha jambo lilelile: kosa linasikika kwenye sauti, lakini chanzo kiko kwa jirani.

Wakati huo karti yenyewe ilikuwa inakonda. Kwa utaratibu AC'97 wa kampuni Intel, mwaka 1997, na ule wa HD Audio uliofuata mwaka 2004, karti nzima iligeuka chipu ndogo kama ukucha, iliyobandikwa kwenye ubao mkuu wa mashine. Bei ilishuka sana. Hiyo ndiyo sababu leo kompyuta ya mkononi ya bei ndogo inaweza kuendesha studio ya redio. Lakini kazi iliyokuwa inafanywa na karti kubwa ilihamia kwa prosesa. Tangi likabaki, mchukuzi akapewa pia kazi ya kupika na kufua.

Hapo ukazuka ugomvi wa tatu, ambao bado upo. Wifi inapopokea data, piloti yake inaomba prosesa isimamishe mengine kidogo. Microsoft inawaagiza watengenezaji wa piloti wasishike prosesa zaidi ya maikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Piloti iliyoandikwa vibaya inaweza kushika mara nyingi zaidi ya hapo. Katika muda huo mchukuzi wa sauti amesimama njiani na bidoni mgongoni. Sauti inapasuka, na hakuna ujumbe wowote wa kosa kwenye ekrani.

Microsoft ilijaribu kuumaliza ugomvi huo katika Windows Vista, iliyofika kwa watu wote tarehe 30 Januari 2007. Kazi nyingi ya sauti iliondolewa katika kiini cha mfumo, ili piloti mbaya isiangushe mashine nzima. Sauti ilipewa pia haki ya kutangulia mbele ya kazi nyingine. Lakini piloti nyingi zilizotengenezwa kwa Windows XP hazikuendana na utaratibu mpya, na watu waliokuwa na karti nzuri walijikuta na sauti mbovu.

Mwezi Agosti wa mwaka huohuo watu waligundua kitu kingine: wakipiga muziki, mtandao wa kompyuta ulipungua mwendo. Mark Russinovich, mhandisi wa Microsoft, alieleza sababu yake. Sauti inapochezwa, Vista ilikuwa inapunguza kwa makusudi data ya mtandao, ipite si zaidi ya pakiti 10 kwa kila sehemu ya elfu ya sekunde, ili piloti ya mtandao isimzuie mchukuzi wa sauti. Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hiyo ilikuwa imeona kwamba mtandao na sauti ni majirani wasioelewana, ikaweka kizuizi katikati yao.

Wanaotumia Linux nao hawakuponyoka. Hannu Savolainen wa Finland aliandika piloti za kwanza za sauti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha mradi ALSA, ulioingia rasmi katika Linux 2.6 mnamo Desemba 2003. Mwaka 2004 Lennart Poettering alianza programu iliyokuja kuitwa PulseAudio. Ubuntu ilipoiweka kwa watumiaji wake wote mwezi Aprili 2008, malalamiko ya kigugumizi yalijaa. Poettering alieleza kwamba utaratibu wake ulizitegemea piloti ziseme ukweli kuhusu kiasi kilichobaki ndani ya tangi, na piloti nyingi hazikuwa zinasema ukweli. Kosa lilikuwepo zamani, limefichwa na tangi kubwa. Leo kazi hiyo inafanywa zaidi na PipeWire ya Wim Taymans, iliyoanza kutumiwa kwa kawaida katika Fedora 34 mwaka 2021.

Kutoka kaseti hadi kompyuta

Redio za huku kwetu zilipita njia yake. Radio Maendeleo ya Bukavu ilianza mwaka 1993. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, wiki chache baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari na kuunguza sehemu ya mji wa Goma. Redio ndogo za jamii zilizaliwa na kaseti, zile ambazo Philips ilizileta duniani mwaka 1963.

Kaseti ilikuwa na matatizo yake, lakini yalionekana kwa macho. Utepe ukichoka, sauti inalegea. Utepe ukijifunga, fundi anauona umetoka nje kama utumbo, anaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu na kuurudisha. Hakuna aliyehitaji kujua namba za kengele.

Kompyuta ilileta faida kubwa. Programu za bure kama ZaraRadio na RadioDJ zinapanga matangazo ya siku nzima, na mtangazaji mmoja anaweza kufanya kazi iliyohitaji watu watatu. Lakini kompyuta hiyo moja hupewa kila kitu. Inacheza tangazo hewani, na wakati huohuo inapakua sauti iliyotumwa na mwandishi wa Masisi au Djugu kwa simu, inarekodi mahojiano, na antivirusi inachunguza diski. Mara nyingi ni mashine iliyokwisha kutumika Ulaya, na piloti zake zimewekwa na yeyote aliyeifungua mara ya mwisho.

Kisha kuna umeme. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi inabaki kwenye betri. Ili betri idumu, mfumo unapunguza mwendo wa prosesa na kuilaza wifi na milango ya USB kila inapoweza. Mchukuzi aliyekuwa anakimbia sasa anatembea. Ndiyo maana studio inaweza kuwa na sauti safi asubuhi yote, na kuanza kigugumizi dakika ileile umeme unapoondoka, ingawa mtambo wa kurusha unaendelea kwa jenereta. Msikilizaji anayeunganisha mambo hayo mawili anafikiri mtambo umepungukiwa nguvu. Kumbe ni kompyuta inayojihurumia.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alitangaza kwamba wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke, na njia iliyoonyeshwa ilikuwa ya Sake. Maelfu na maelfu ya watu waliondoka saa chache baadaye. Katika tangazo la namna hiyo, kila jina ni uamuzi wa familia: kubaki au kubeba watoto. Tangazo likirekodiwa na kompyuta kulirudia kila saa, kigugumizi cha nusu sekunde kinatosha kumeza jina zima la kartie.

Mahali pa kutafuta

Kwa sababu ugomvi umehama mara nyingi, mafundi wenye uzoefu hawaanzi kwa kubadilisha vitu. Wanaanza kwa kuuliza ugomvi uko nyumba gani.

Swali la kwanza ni la faili. Tangazo hilohilo linachezwa kwenye mashine nyingine au kwenye simu. Likikwama kwenye neno lilelile, faili limeharibika wakati wa kurekodiwa au kutumwa, na piloti haina hatia.

Swali la pili ni la njia. Fundi anachomeka kaske moja kwa moja kwenye kompyuta. Sauti ikiwa safi kwenye kaske na mbovu hewani, kosa liko kwenye waya, meza ya kuchanganya sauti au mtambo. Ikiwa mbovu kwenye kaske pia, kosa liko ndani ya mashine.

Swali la tatu ni la tarehe. Kigugumizi kilianza lini? Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, mfumo unaweza kubadilisha piloti wenyewe kupitia intaneti, usiku, bila mtu kuombwa ruhusa. Kama kosa lilianza kesho yake, piloti mpya ndiyo ya kushukiwa. Tangu Windows XP ya mwaka 2001 kuna kitufe cha kurudisha piloti ya zamani, katika ukurasa unaoorodhesha vifaa vya kompyuta. Piloti mpya si lazima iwe bora kuliko ya zamani.

Swali la nne ni la jirani. Wifi inazimwa kwa dakika kumi, antivirusi inasimamishwa, kompyuta inachomekwa kwenye umeme na kuwekwa kwenye mwendo wa nguvu zote. Kigugumizi kikitoweka, vinarudishwa kimoja kimoja mpaka mwenye kosa ajulikane. Kuna programu ndogo, LatencyMon, inayotaja piloti iliyoshika prosesa muda mrefu kupita wengine. Mara nyingi jina linalotajwa si la sauti kabisa.

Swali la tano ni la tangi lenyewe. Programu nyingi za sauti zinaruhusu kuongeza ukubwa wa akiba. Kwa mwanamuziki anayepiga gita kupitia kompyuta, tangi kubwa ni shida, kwa sababu sauti inachelewa kufika sikioni mwake. Kwa redio inayocheza tangazo, kuchelewa kwa robo ya sekunde hakumdhuru mtu. Pia inafaa faili, programu na piloti zote ziwe kwenye mwendo mmoja, 44,100 au 48,000, ili prosesa isipewe kazi ya kugeuza bila sababu.

Studio yenye uwezo wa kupata mashine mbili inafuata mfano wa Vista kwa njia rahisi zaidi: inaweka ukuta. Kompyuta moja inacheza matangazo, haina intaneti na haiguswi. Nyingine inapakua, inarekodi na kuandika. Na kwa tangazo ambalo kosa lake linaweza kumpoteza mtu, bado kuna njia ya kabla ya 1989. Katika studio nyingi ndogo, sauti ya mikrofoni inapita kwenye meza ya kuchanganya sauti na kwenda mtamboni bila kugusa piloti hata moja. Majina ya watoto waliopotea na majina ya kartie yanaweza kusomwa na mtu kutoka kwenye karatasi, polepole, mara mbili.

Wasikilizaji nao wana sehemu yao, kwa sababu mara nyingi fundi hasikii kilichotoka hewani. Yuko chumba kingine, au yuko kwenye jenereta. Anayempigia simu na kusema "redio yenu ni mbaya" hamsaidii. Anayesema "tangazo la maji lilikwama saa 12 na dakika 10 asubuhi, na jioni likakwama tena kwenye neno lilelile" amekwisha kumwambia kwamba faili ndilo bovu. Na anayesema "jioni lilikwama kwenye neno jingine, umeme ulikuwa umeondoka" amemfikisha mpaka mlangoni pa kosa. Kalamu, saa na sikio la mtu aliyekaa kando ya redio kambini vinaweza kumwokolea fundi kazi ya siku nzima, na kwa familia inayongoja jina moja tu, siku nzima ni ndefu.